Nyumba Isiyopitisha Upepo

Mume wangu alichukia upepo unaotoka nyumbani. Mama yangu alichukia upepo unaoingia. Wawili hawa hawakuwahi kukubaliana hata juu ya kiasi cha chumvi kwenye mchuzi, lakini mwaka niliojifungua walikubaliana juu ya chumba changu cha kulala, na mimi nilikuwa ndani ya chumba hicho na mtoto kifuani.

Nianze na mume wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Ni fundi wa viyoyozi. Kabla sijashika mimba alipata kazi kwenye ghorofa moja la maduka hapa mjini Morogoro, ambako mashine zilinguruma kutwa nzima na wapangaji bado walijipepea kwa vipande vya maboksi. Akapanda darini kuangalia dakti, ile mifereji ya bati inayobeba hewa ya baridi kutoka kwenye mashine kuipeleka vyumbani. Maungio yalikuwa yameachia kiasi cha kupitisha mkono. Alirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope.

"Wanawapoza popo," aliniambia. "Baridi yote inaishia darini. Popo wa ghorofa lile wanalala na blanketi."

Tulicheka sote. Akayaziba maungio yale kwa gundi nzito na utepe wa rangi ya fedha, moja baada ya jingine, akitambaa kwa tumbo. Alipomaliza, mashine zikaanza kupumzika zenyewe katikati ya siku, jambo ambalo mwenye jengo hakulizoea. Alimpigia mume wangu simu kulalamika kwamba ameziua mashine zake. Hapo ndipo mume wangu alipoupata ugonjwa wake. Tangu wakati huo hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kuinua kiganja karibu na dirisha, kusikilizia kama kuna upepo unaopita. Alifanya hivyo hata msibani. Nilimfinya.

Kisha akaigeukia nyumba yetu. Tunakaa Kilakala, upande unaopanda kuelekea mlimani, na nyumba tuliijenga kama watu wengine wanavyojenga: matofali ya matundu juu ya kila dirisha, uwazi kati ya ukuta na bati, milango ambayo mjusi anapita chini yake bila kuinama. Kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kinakula umeme kama mgeni asiye na haya. "Hii si nyumba, ni chekecheke," alisema mume wangu, na kwa wiki kadhaa hakuwa na habari na kitu kingine. Matundu akayajaza saruji. Nyufa akazipulizia lile povu linalovimba na kukauka. Madirisha akayavisha mpira kila ukingo, na mlango wa chumbani ukawa unafungwa kwa mlio laini, kama kifuniko cha hotpoti. Mzee wa Kihindi anayetuuzia vifaa vya ujenzi, ambaye familia yake ina duka mjini tangu enzi za babu yake, alimuuliza, "Fundi, unajenga nyumba au unajenga friji?" Mume wangu aliichukua kama sifa.

Kupima kazi yake alitumia chetezo changu cha harusi. Alifunga kila kitu, akawasha feni ya jikoni inayovuta hewa kuitoa nje, akatia udi kwenye makaa ya chetezo na kuzunguka nacho ukutani polepole. Penye tundu, moshi ulipinda. Alirudia kuziba, akarudia kuzunguka. Siku moja aliniita chumbani akiwa amesimama katikati na chetezo mkononi, uso umemng'aa. Moshi wa udi ulipanda wima hadi kwenye dari, bila kutikisika.

"Umeuona?" aliuliza. "Umesimama kama mlingoti. Hakuna kinachotoka, hakuna kinachoingia."

Nilimsifu, na sikumdanganya. Chumba kilipoa kwa muda mfupi, kikabaki kimepoa hata kiyoyozi kikizimwa, na tukaacha kukimbizana na umeme wa Luku. Kipya kinyemi. Ule moshi uliosimama niliuona mzuri kabisa.

Mtoto wangu alizaliwa njiti, kwa upasuaji, katika masika yenye mvua za kukata na shoka. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika kabla yake, kwa hiyo sikumhesabu kuwa wangu mpaka nilipomshika, na hata nilipomshika niliogopa kumpa moyo wote. Alikuwa na uzito wa kuku mdogo. Wauguzi walinifundisha kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumkung'uta unyayo kwa kidole akisinzia bila kunyonya. Walisisitiza neno moja tu hadi siku ya kuturuhusu: joto. Mtoto huyu asipate baridi.

Mama yangu alikuwepo waliposema hivyo. Alikuwa ameshuka kutoka kwetu, juu ya Mkuyuni, na mzigo wa ndizi, pilipili manga ya uji wangu, na gunia la mkaa, kana kwamba mjini hakuna mkaa. Kwetu mzazi halali na baridi. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji mkali, na chumbani kwake panawekwa jiko mpaka arobaini ipite, kwa sababu upepo ukimwingia tumboni, maradhi yake hayaishi. Dada zangu wote walilelewa hivyo walipojifungua na mimi niliwaona. Ila nyumba walimolelewa zilikuwa na mwanga unaopenya kwenye paa, na asubuhi ungeweza kuona moshi wa kila nyumba ukitoka kwenye mabati pande zote.

Nilidhani vita itaanza siku ile ile. Mama alitaka nipelekwe mlimani kwenye uangalizi wake. Mume wangu alitaka nikae karibu na hospitali. Lakini mama alipoingia chumbani, akafunga mlango, akasimama kidogo. Akapitisha kiganja kwenye ukingo wa dirisha, vile vile anavyofanya mume wangu. Akarudi mlangoni, akaufungua kidogo, akaongea na mume wangu kupitia uwazi huo, bila kumtazama usoni.

"Mkwe, chumba hiki amekiziba nani?"

"Mimi, mama."

"Hakuna upepo hata wa kuzima kibiriti."

"Ndiyo, mama."

"Umefanya vizuri. Chumba cha mzazi kinatakiwa kuwa hivi."

Mume wangu alitabasamu siku nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa na mama mkwe wake. Tunaambiwa kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hakuna aliyeniambia kwamba tembo wakipatana ndiyo hatari zaidi.

Kiyoyozi kikazimwa, maana baridi ilikuwa imepigwa marufuku. Mume wangu akahamia sebuleni. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali: hawakai mkeka mmoja, hawagusani, na mahali mama mkwe alipojipumzisha mkwe haingii. Kwa hiyo kwa muda wote ule mume wangu hakukanyaga chumba alichokiziba kwa mikono yake. Alikuja mlangoni asubuhi, mchana na jioni, akasema hodi na shikamoo, akangoja marahaba, ndipo aulize habari zetu. Alijua mkaa unawashwa uani, kama unavyowashwa kila siku kwa kupikia. Hakujua unaishia wapi.

Siku za mwanzo jiko lilikuwa linaingia kidogo na kutoka, mama akipitapita na maji ya moto, mlango ukifunguliwa kila mara. Kichwa kiliniuma kidogo. Nilidhani ni kidonda na usingizi.

Kisha ikaja ile siku ya mvua ya upepo. Asubuhi mlima haukuonekana kabisa, na ubaridi ulikuwa umeshuka nao hadi kwenye vigae vya sakafu. Mume wangu alikuwa Mikese kwenye kazi. Mama akajaza jiko mpaka juu, akaliacha uani chini ya upenu hadi makaa yote yakawa mekundu na moshi ukaisha. Kwa hilo alikuwa mwangalifu sana. "Mkaa ukiwa mbichi unaua," aliniambia. "Ukiiva hauna neno." Akaliingiza, akaliweka kati ya kitanda na mlango, akafunga. Alitia udi kwenye chetezo pia, maana majirani walikuwa wamesema watakuja kunipa hongera, akakiweka kwenye kona ya mbali. Kisha akajilaza kwenye mkeka kando ya jiko, amechoka kwa kukesha na mimi.

Joto lilikuwa tamu. Nataka nilieleze kama lilivyokuwa, sio kama ninavyolijua sasa. Mvua ilipiga bati, mama alipumua taratibu, mtoto alikuwa ametulia kifuani mwangu kuliko siku zote, na mimi nilijisikia mzito na mwenye furaha. Kichwa kilikuwa kinagonga, lakini kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Nikawa naangalia chetezo kule kwenye kona.

Moshi ulipanda wima hadi kwenye dari. Haukutikisika.

Nilijua nimewahi kuuona. Ilinichukua muda kukumbuka wapi, na mawazo yalikuja kwa shida, kila moja likiwa limelowa. Nikamwona mume wangu amesimama pale katikati, uso unang'aa. Hakuna kinachotoka, hakuna kinachoingia. Nikaangalia jiko. Nikaangalia tena moshi.

"Mama," nilisema.

Hakuitika. Nikamkung'uta mtoto unyayo. Alikuwa mtoto wa kukunja uso akiguswa tu. Safari hii mguu wake ulirudi mahali pake kama kitambaa. Nikamkung'uta tena, kwa nguvu. Midomo yake ilikuwa myekundu mno. Nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa, si kwa maumivu bali kama miguu ya mtu mwingine. Nikamwita mama tena na nilichosikia kikitoka hakikuwa neno.

Ndipo nikasikia lango la nje, kisha viatu kwenye baraza, kisha hatua kwenye korido. Mvua ilikuwa imemvunjia mume wangu kazi. Alikuwa amerudi.

"Hodi," alisema mlangoni. "Shikamoo mama."

Nilikuwa nakiangalia kitasa. Kilikuwa hatua chache tu kutoka mguuni mwa kitanda. Nikafungua mdomo nimwambie aingie, nikasikia pumzi tu.

"Hodi. Shikamoo mama."

Mama hakutikisika. Kanga ilikuwa imemteleza begani. Nilisukuma sauti kwa nguvu zangu zote, mshono ukauma kama unafumuka, na bado haikufika hata kwenye ukingo wa kitanda. Upande wa pili mume wangu alingoja, kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa kungoja. Kisha nikamsikia akijisemea kwa upole, "Wamelala."

Na akaondoka.

Nimeolewa na mtu mkaidi, mbishi, anayeingilia maungio ya nyumba za watu bila kualikwa. Siku hiyo moja akaamua kuwa na heshima. Nilipozisikia hatua zake zikienda jikoni nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua, hasira kwa wote wawili, kwa shikamoo na marahaba, kwa mpira wa dirisha, kwa gunia la mkaa lililoshushwa kutoka mlimani. Naamini ni hasira ile iliyoninyanyua. Nilimshika mtoto kwa mkono wa kushoto, nikajiviringisha hadi ukingoni mwa kitanda upande wa dirisha, mkono wa kulia ukakuta kigoda cha mama. Nilikivuta kwa mguu wake mmoja. Nikasema bismillahi, nikakibamiza kwenye kioo.

Kioo hakikuvunjika. Kilitoa sauti nzito. Nikakibamiza tena.

Upepo uliingia na mvua na vipande vya kioo, nikamgeuza mtoto kwenye nondo za dirisha uso wake uelekee nje, nikaweka mdomo wangu juu ya kichwa chake. Nyuma yangu, kwenye kona, moshi wa udi ulipinda. Niliona kwa pembe ya jicho.

Mlango ulifunguka kwa bega. Mume wangu aliingia hatua moja akasimama. Aliliona jiko, akaniona mimi dirishani, akamwona mama mkwe wake chini, kanga haipo begani. Na nilimwona, wallahi nilimwona, akigeuza uso pembeni.

"Mbebe," nilimwambia. Sauti ilikuwa imerudi, mbaya, ya kukwaruza. "Mbebe mama."

Akambeba. Alimnyanyua mikononi kama bibi harusi, kichwa cha mama kikiwa kimelala begani kwake, akatoka naye hadi barazani kwenye mvua. Akarudi akatuchukua sisi. Sikuona aliyeita bajaji.

Hospitalini walimwekea mtoto oksijeni, nikaketi mbele yake na sikuweza kuomba hata dua niliyoizoea. Maneno yalinipotea katikati. Mama alizinduka kwanza, akatapika, akauliza mtoto yuko wapi. Muuguzi akamuuliza kama jiko lilikuwa ndani.

"Mkaa uliiva," mama alisema. "Haukuwa na moshi hata kidogo."

"Mama, hewa yake mbaya haionekani wala hainuki. Nyumba zetu za zamani zinaitoa zenyewe, nyingine kwa bahati tu. Hiyo yenu haitoi?"

Mume wangu alikuwa amesimama ukutani, shati limelowa. "Yangu haitoi," alisema.

Muuguzi akamgeukia mtoto, akamkung'uta unyayo. Hakuna. Akamkung'uta tena. Uso wa mwanangu ukakunjamana polepole, kama mtu anayekumbuka deni, akalia. Kilikuwa kilio chembamba na cha hasira. Nikalia naye, na siku hiyo ndiyo niliyompa moyo wote, kwa sababu niliona kwamba kuubana hakungenisaidia chochote.

Tuliporudi nyumbani wawili wale hawakuweza kutazamana. Mama alikuwa amefungasha vitu vyake. Kwake yeye aibu zilikuwa mbili: kuliingiza jiko, na kubebwa na mkwe. Mume wangu alikaa sakafuni upande wa pili wa sebule.

"Mama, nyumba niliiziba mimi," alisema.

"Na jiko nililiingiza mimi," alisema mama.

Wakanigeukia wote, wakingoja nichague.

"Msinigawie lawama kama nyama ya shughuli," nikawaambia. "Nataka ukuta ule utobolewe. Leo."

Akautoboa siku hiyo hiyo, mama akimshikia ndoo ya kifusi kwa umbali wa heshima. Hakubomoa yote, yeye ni yeye. Madirisha na nyufa zilibaki zimezibwa, na kiyoyozi bado kinapumzika mchana. Ila sasa chumba kina bomba la kuingiza hewa chini na bomba la kuitoa juu, na feni ndogo inayozunguka kutwa kucha. Wateja wake anawaambia kwamba nyumba ukiiziba lazima uipe pua. Na kabla hajashika kipimo chochote anawauliza mkaa wanawasha wapi, na kama kuna mzazi ndani. Wengine wanaona maswali hayo hayamhusu.

Mwanangu sasa anakimbia na kuvunja vitu. Mama anashuka kila msimu na ndizi, gunia la mkaa haleti tena. Mwezi uliopita alikuwa chumbani kwake mchana, mlango umefungwa. Mume wangu akarudi kula, akapita koridoni.

"Hodi. Shikamoo mama."

Kimya. Nilikuwa jikoni, nikamwona mkono wake ukienda kwenye kitasa. Hangoji tena mara ya pili. Kitasa kilikuwa kimeshashuka nusu, ndipo ndani mama, aliyekuwa katikati ya swala na haruhusiwi kusema neno, alipokohoa. Mara moja, kwa nguvu.

Mume wangu akakiachia kitasa. Lakini hakuondoka. Aliweka paji la uso kwenye ubao wa mlango, macho kayafumba, akabaki hivyo hadi mama alipotoa salamu ya kumaliza swala na kukunja mswala.

"Marahaba, mkwe wangu," mama aliitika. "Napumua."